Hema na Jembe

Mapumziko ni haki ya mwenye kazi. Mwili uliochoka hudai usingizi kama mdai adaivyo fedha zake, na akili iliyochoka hudai zaidi ya usingizi. Hudai mahali pageni, upepo mwingine na sauti zisizo za kila siku. Ndiyo sababu mtu wa mjini, mwenye nyumba ya mawe, kitanda, taa na mfereji, huweza kuufunga mlango wa nyumba hiyo kwa furaha, akaenda kulala juu ya ardhi chini ya kipande cha turubai. Jambo hili lina ajabu yake. Babu zake walijitahidi miaka mingi kutoka katika vibanda. Mjukuu hulipa fedha ili arudi humo kwa siku mbili. Mwenye kucheka na acheke, lakini jambo ambalo watu hulifanya kwa hiari yao na kwa gharama yao haliwezi kuwa upuuzi mtupu. Ndani yake limo swali, na swali hilo si la starehe tu, bali ni la wema na ubaya: mtu anapopanga kwenda kustarehe mahali ambapo wengine huishi, ana deni gani kwao, na deni hilo hulipwa lini?

Hema lina sura mbili. Kwa mtu aliyeliteua, hema ni furaha. Kwa mtu aliyelazimishwa nalo, hema ni msiba. Katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, wamo watu waliozaliwa na kukua bila ya kujua maisha mengine ila ya kambini. Turubai la mkimbizi halitofautiani sana na la mtu wa mapumziko. Huzuia mvua ile ile na huingiza joto lile lile. Tofauti haimo katika kitambaa wala katika kamba. Imo katika ufunguo. Mmoja ana ufunguo wa nyumba mfukoni, na mwingine hana. Kwa hiyo utamu wa kulala porini hautoki porini peke yake. Nusu yake hutoka nyumbani, katika kujua kwamba nyumba ipo na inangoja. Mtu alisahauye jambo hili hujidanganya kwamba kwa usiku mmoja wa kulala chini amekuwa sawa na watu wa mahali alipofikia. Hakuwa sawa nao. Amekuwa mgeni, na ugeni ni cheo chenye sheria zake.

Sheria za ugeni katika pwani ya Bagamoyo ni kongwe. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa mlango wa njia iendayo Unyamwezi na Ujiji. Burton na Speke walianza safari yao Kaole, jirani na hapo, mwaka 1857. Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone. Na mwaka 1874 mwili wa Livingstone ulifikishwa Bagamoyo na watu waliouchukua kutoka bara, Chuma na Susi wakiwa miongoni mwao. Katika misafara hiyo hema lilikuwa la bwana wa msafara. Mpagazi alilibeba mchana kutwa, akalisimamisha jioni, kisha mwenyewe aghalabu akalala chini ya nyasi au nguo ya merikani. Na katika nchi nyingi walizopita, hasa Ugogo, wenye nchi walidai hongo. Neno hili leo limeharibika. Limekuwa jina la rushwa. Zamani hizo lilikuwa jina la ada ya kupita: mgeni alikunywa maji, akakata kuni, akakanyaga njia, basi alitoa nguo, ushanga au waya kabla ya kuendelea mbele. Wasafiri wa Ulaya waliilalamikia hongo katika vitabu vyao kana kwamba yote ilikuwa unyang'anyi. Yamkini nyingine ilikuwa unyang'anyi kweli. Walakini ndani ya desturi hiyo palikuwa na wazo la haki: hakuna maji ya bure katika nchi ya watu.

Methali za Kiswahili nazo humtazama mgeni kwa macho mawili. Jicho la kwanza ni la huruma. Msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Maana yake ni kwamba hata mwenye enzi, akiwa njiani, hutegemea kisima cha mwingine na kauli ya mwingine. Jicho la pili ni la hesabu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii haina ukali kama wengine wanavyoidhania. Siku ya kwanza na ya pili ni za mwenyeji kutoa. Siku ya tatu ni ya mgeni kurudisha. Jembe si adhabu, ni mlango. Mgeni akilishika ameacha kuwa mzigo, na amekuwa mmoja wa watu wa nyumba.

Sasa mtu wa hema hupanga safari ya siku mbili. Hufika Ijumaa jioni, huondoka Jumapili mchana. Siku ya jembe inapowadia, yeye yuko ofisini kwake mjini. Ni mgeni asiyefika siku ya tatu kamwe. Akienda mwaka huu na mwaka ujao, mahali hapa na pale, anaweza kula siku mbili za kwanza za nchi nzima bila ya kuigusa siku ya tatu ya hata kijiji kimoja. Hapa ndipo penye kiini cha swali. Kama mtu huyu hapati nafasi ya kulishika jembe huko aendako, basi hana budi kulishika kabla hajaenda. Na kabla ya kwenda hana kazi nyingine ila kupanga. Kwa sababu hiyo kupanga si utangulizi wa safari tu. Ni sehemu ya safari ambayo ndani yake wema au ubaya wake huamuliwa.

Uwekwe mfano. Watu wanne wa Dar es Salaam, wafanyakazi wa mahali pamoja, wanakubaliana kwenda kupiga hema upande wa kaskazini wa Bagamoyo, kupitia Makurunge hadi Mto Wami na Saadani. Uchaguzi wao ni mwema. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni takriban kilomita 65. Kutoka hapo njia huvuka Mto Ruvu, hufika Makurunge, kisha huelekea Saadani, Pangani na Tanga. Nchi ya huko ni ya mito, mikoko, mbuga na misitu ya pwani. Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, ina eneo la takriban kilomita za mraba 1,100, na ndani yake umo msitu wa Zaraninge. Mto Wami huingia baharini kwa kupenya mikoko; mamba na viboko wamo. Kasa hupanda ufuko wa Madete usiku kutaga mayai. Tembo, simba, twiga, kuro na kongoni huishi katika nchi ambayo upande wake mmoja ni nyika na upande wa pili ni Bahari ya Hindi. Mtu aliyechoka na kelele za mji angetaka nini zaidi?

Watu hao wanne wanakaa jioni moja na karatasi, na mmoja anaandika. Wanaandika mahema mawili, magodoro, vyandarua, taa, sufuria, mchele, unga, chai, sukari, dawa na madumu ya maji. Wanahesabu petroli. Wanatazama majira, wanaona kwamba kutoka Machi hadi Mei ni masika, na udongo mweusi wa huko ukinywa mvua hulishika gurudumu lisitoke. Basi wanaamua kungoja kiangazi, wakati upepo wa kusi unapovuma. Wanatazama na mwezi, maana mwenye kutaka kuona mlango wa mto lazima ajue siku za bamvua na siku za maji mafu. Hawa si wazembe. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, ambaye alifariki mwaka 1941 na kaburi lake liko Nyeri, aliwafundisha vijana wa dunia nzima kuwa tayari. Na watu hawa wako tayari. Orodha yao ni nzuri, lakini ina upungufu mmoja. Kila kilichoandikwa humo ni kitu wanachokihitaji wao. Hakuna mtu wa huko hata mmoja aliyetajwa.

Na watu wako. Makurunge ina wakulima na wafugaji. Kando ya Wami kiko kijiji cha Matipwili. Saadani ni mji wa kale, uliokuwa bandari ya misafara kama Bagamoyo, na Bwana Heri wa Saadani alipigana na Wajerumani kuanzia mwaka 1888. Wako wavuvi wanaotafuta kamba kwenye maji machafu ya milango ya mito, na wako wafanyakazi wa mashamba ya chumvi. Ardhi yao imepata majina mengi katika muda mfupi. Katika miaka ya 1970 eneo kubwa la Makurunge lilitengwa liwe ranchi ya ng'ombe ya Serikali ya Zanzibar, likaitwa RAZABA. Ranchi ilipokwisha kufanya kazi, watu waliendelea kuishi, kulima na kulisha mifugo humo. Baadaye sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilitolewa kwa kampuni ya kigeni iliyokusudia kulima miwa. Mabishano juu ya fidia na kuhamishwa yakawa makubwa, na mwaka 2016 serikali ikaufuta mradi huo. Wazo la miwa halikufa, na sehemu ya ardhi ikaja kulimwa miwa na kampuni ya nyumbani. Upande wa hifadhi, wakaazi wa kitongoji cha Uvinje, katika Saadani, walibishana kwa miaka mingi na wenye mamlaka juu ya mahali mpaka unapopita. Ardhi moja imeitwa malisho, imeitwa shamba, imeitwa hifadhi, imeitwa nyumbani, kila jina likitoka katika kinywa chake. Watu wanne wa mjini wanakuja na jina la tano: mahali pa mapumziko.

Jina la tano si uongo. Kosa huingia pale msemaji wake anapodhani kuwa ndilo la kwanza.

Tena watu hao si wageni kabisa kama wanavyojifikiri. Wao hawajafika, lakini mji wao umefika siku nyingi. Mkaa unaopikia chakula cha Dar es Salaam hutoka kwa wingi katika misitu na vichaka vya mkoa wa Pwani. Magunia yamesimama kando ya barabara, yakimngoja mnunuzi mwenye gari. Kamba wa pwani hiyo hupelekwa katika meza za mjini. Mtu hukimbia moshi wa mji akaenda kutafuta kivuli cha mti, na huenda dada wa mti huo aliungua katika jiko lake juma lililopita. Wala haifai kumlaumu mchoma mkaa peke yake, kwa kuwa hakuna mtu achomaye mkaa asio na mnunuzi. Basi deni la mgeni huyu ni kubwa kuliko usiku mbili za kulala. Lilianza kabla hajanunua hema.

Dhidi ya hoja hii yako majibu matatu, na kila moja lina uzito wake.

Jibu la kwanza ni la mlipaji. Yeye husema kwamba amelipa ada ya kiingilio, amelipa ada ya kupiga hema, na kwa malipo hayo amemaliza. Ni kweli kwamba ada ni wajibu, na mtu akwepaye kulipa ni mwizi mwenye adabu ya nje. Lakini ada ni bei ya ruhusa. Si bei ya tabia. Mtu aliyelipa nauli ya basi hakununua haki ya kumkanyaga abiria mwenzake. Zaidi ya hayo, fedha ya kiingilio huenda mbali kabla ya kurudi karibu, kama hurudi. Na mwenyeji ambaye shamba lake limeingiliwa na tembo usiku haoni sura ya fedha hiyo katika mahindi yaliyolala chini. Hongo ya zamani, pamoja na maovu yake, ilikuwa na sifa moja: mtoaji na mpokeaji walitazamana uso kwa uso.

Jibu la pili ni la mtu apendaye uhuru. Yeye husema kwamba msitu ni wa Mungu, bahari ni ya Mungu, na mja hana haki ya kumhesabia mja mwenzake pumzi za hewa. Maneno haya ni matamu, na mara nyingi husemwa na mtu ambaye kiwanja chake mwenyewe kimezungushiwa ukuta. Kama viumbe vyote ni vya Mungu, basi na wenyeji ni wa Mungu pia, nao wamewekwa hapo kabla ya mgeni. Tena sheria ya nchi haikuuacha msitu bila ya mwangalizi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Uwanda unaoonekana mtupu kwa macho ya mpita njia huwa ni malisho ya mtu yaliyopumzishwa, au makaburi ya wazee wake, au shamba lingojalo mvua. Utupu wa nchi aghalabu huwa ni ujinga wa mtazamaji.

Jibu la tatu ni la mchoshwa na mipango. Yeye husema kwamba mtu hupanga kazi mwaka mzima. Akiyapanga na mapumziko, mapumziko nayo yatageuka kazi. Afadhali mtu aende tu, alale popote jua litakapomchwea. Jibu hili ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu ndani yake mna hamu ya kweli: hamu ya kupokea siku kama ijavyo. Lakini yafaa kuuliza, mtu asiyepanga hupangiwa na nani? Akifika bila maji, mwenyeji atampa katika mtungi ambao binti yake ameuchukua mbali. Akifika bila kuni, mti utakatwa. Gari lake likinasa katika udongo mweusi, vijana wataacha kazi yao wamsukume. Furaha ya kutokupanga hulipwa, na mlipaji ni mtu mwingine. Mpango mwema hauui furaha. Huizuia isiwe mzigo wa jirani.

Mfano wa mbali huweza kumulika wa karibu. Uholanzi ni nchi ndogo yenye watu wengi, na watu wake hupenda sana hema. Katika mkoa wa Overijssel liko eneo la maziwa, vinamasi, matete na misitu, liitwalo Weerribben-Wieden, ambalo ni hifadhi ya taifa. Mwenye kutaka kwenda huko hupanga mapema, kwa kuwa sheria ya nchi hiyo haimruhusu mtu kupiga hema popote apendapo. Hana budi kukaa katika kiwanja kilichowekwa. Akifika huona maji yametulia, ndege wanatua, matete yanainama kwa upepo, naye akadhani anatazama nchi isiyoguswa na mkono wa mtu. Sivyo hata kidogo. Maziwa hayo yalitokana na machimbo. Kwa karne nyingi watu walichimba huko udongo mweusi wa mimea iliyooza, ambao ukikaushwa huwaka kama kuni. Waliuanika juu ya vipande vyembamba vya ardhi vilivyoachwa kati ya machimbo, ukapelekwa mijini kuwa moto wa majumba. Wakachimba kupita kiasi, vipande vile vikawa dhaifu. Dhoruba za mwaka 1775 na 1776 zikavivunja, maji yakaungana, na kijiji cha Beulake kikaangamia. Leo mashua za starehe hupita juu ya mahali hapo. Na hata matete yanayopendeza macho hukatwa na watu wa huko kwa kazi nzito, maana yakiachwa bila kukatwa miaka mingi, kinamasi hujifunga kikawa msitu.

Habari hiyo inafundisha mambo mawili kwa watu wa pwani. La kwanza, uzuri unaopumzisha mara nyingi una jasho au jeraha chini yake, na moto wa mijini ni mchimbaji wa zamani katika kila bara. La pili, hakuna nchi ya mapumziko isiyo na mtu wa kuitunza. Mahali ambapo mgeni huona ukimya, mwenyeji huona kazi ambayo haijafanywa leo.

Basi jembe la mgeni wa hema ni nini? Si lazima liwe la chuma. Mpango wa wale watu wanne unaweza kuandikwa upya katika karatasi ile ile, kwa kuongeza safu ya pili. Katika safu ya kwanza yamo mahitaji yao. Katika safu ya pili yaandikwe mahitaji ya mahali waendapo. Mbele ya neno maji iandikwe kwamba wataleta yao ya kutosha na ya ziada. Mbele ya neno moto iandikwe kwamba watapikia jiko walilokuja nalo, wala hawatavunja hata tawi la mchu au mkandaa, kwa sababu mikoko ndiyo hulea kamba wachanga, na kamba ndio ada ya shule ya mtoto wa mvuvi. Mbele ya neno taa iandikwe kwamba usiku wa ufukoni watazima, maana kasa mchanga hutafuta bahari kwa kufuata mwanga, na taa ya mstarehe humpoteza akaenda nchi kavu kufa. Mbele ya neno chakula iandikwe kwamba samaki, nazi na mihogo vitanunuliwa huko huko, kwa bei isiyomdhalilisha muuzaji. Mbele ya neno njia liandikwe jina la kiongozi wa kijijini atakayewaongoza na kulipwa ujira wake, na jina la mwenyekiti wa kijiji atakayeombwa ruhusa ikiwa watalala nje ya hifadhi. Mbele ya neno takataka iandikwe kwamba kila walichokwenda nacho kitarudi nao. Karatasi iliyokuwa na vitu tu sasa ina watu.

Kisha iko kazi moja ya jembe ambayo haionekani katika orodha, nayo ni kujua. Wakati wa kupanga ni wakati wa kusoma na kuuliza: nani alikuwapo hapa kabla ya hifadhi? Mpaka huu uliwekwa lini, na kwa kauli ya nani? Mtu wa mapumziko hawezi kuhukumu kesi ya Uvinje wala kugawanya maji ya Wami kati ya miwa, mifugo na viboko. Hakutumwa kufanya hivyo, na akijaribu atakuwa mpuuzi. Lakini anaweza kukataa kuwa kipofu. Mwenyeji akimweleza historia ya mahali, anaweza kusikiliza kama mtu aliyekwisha kusikia nusu yake, si kama mtu aonaye habari hiyo inamharibia jioni yake. Ujinga wa mtu asiye na nafasi ya kujua ni balaa. Ujinga wa mtu aliyekuwa na miezi miwili ya kupanga ni uchaguzi.

Inakumbukwa kwamba mwaka 1961 Mwalimu Julius Nyerere alitamka mjini Arusha kwamba wanyama wa porini ni amana ambayo Tanganyika iliyokuwa ikijitawala ingeitunza kwa ajili ya watoto wa watoto. Husimuliwa pia kwamba alisema yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kutumia likizo yake akitazama mamba, lakini alitaka mamba waishi. Masimulizi haya huchekesha, na ndani ya kicheko chake mna funzo kubwa. Kutunza kitu na kukistarehea ni mambo mawili. Mtu anaweza kuutunza Mto Wami asiouona maisha yake yote. Na mwingine anaweza kuuona kila mwaka, akaupenda, akaupiga picha, na kuuharibu. Pendo lisilo na wajibu ni njaa iliyovaa nguo nzuri.

Kutokana na hayo hufuata jambo gumu, nalo lisifichwe. Mpango wa haki huweza kumaliza kwa neno la kutokwenda. Yamkini baada ya kuuliza, watu wale wanne wataambiwa kwamba mahali walipopataka pana msiba, au ufuko umejaa viota vya kasa, au kijiji kiko katika mgogoro na hakitaki wageni kwa sasa. Kama mpango wao hauna nafasi ya jibu hilo, basi haukuwa mpango wa kuomba. Ulikuwa taarifa ya kuingia. Mgeni hutofautiana na mvamizi kwa jambo moja kubwa: mgeni anaweza kuambiwa hapana, akarudi kwa heshima. Wala kurudi huko si hasara tupu. Mtu aliyejizuia kwa ajili ya wengine amepumzika na kitu kimoja kizito, ambacho ni nafsi yake mwenyewe.

Lakini aghalabu jibu halitakuwa hapana. Watu wa pwani hawakujulikana kwa kufunga milango. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ni neno lao. Neno hilo husahauliwa upande wake wa pili. Mgeni huitwa aje ili mwenyeji apone. Na kama mwenyeji hakupona kwa lolote, kwa fedha, kwa habari, kwa heshima au kwa msaada, basi aliyekuja hakuwa mgeni aliyeitwa. Hema hung'olewa asubuhi moja, na nyasi zilizolala chini yake huinuka baada ya siku chache. Hilo ni jepesi. Lililo zito ni kuondoka mahali na kuacha nyuma watu wasiojuta kwamba ulifika. Mwenye kutaka kuondoka hivyo na alipange jembe lake kwanza, kisha ndipo alikunje hema.